Kifungo Cheupe Ndani ya Sangala

Nakumbuka siku moja ya Alhamisi, mwanangu, na nianze kwa kuwataja waliokuwepo, maana anayesahau majina atasahau na makosa yake. Tulikuwa wanne katika nyumba moja ya Kinindo, upande wa ziwani. Alikuwepo Madamu Ulla, mzungu wa nchi ya baridi, aliyekuja kusoma samaki wa ziwa Tanganyika. Alikuwepo Mzee Ramadhani wa Buyenzi, mvuvi wa tangu zamani, aliyemwendeshea boti. Alikuwepo Perpetua, tuliyemwita Mama Dezire, aliyefua na kupiga pasi. Huyo alikuwa jirani yangu Kanyosha, ukuta wake na wangu mmoja, na mimi ndiye niliyemtafutia ile kazi. Na mimi mwenyewe, Mama Goreti, mpishi. Wa tano hakuwepo, lakini alikuwa na sahani yake. Nitamfikia.

Ilikuwa miaka ya vita. Asubuhi mimi na Mama Dezire tulishuka kwa miguu, tukisikiliza kwanza kama milio ya bunduki milimani imenyamaza. Kwa Madamu tulipika kilichopatikana: maharage, ndizi, mboga za lengalenga, ugali wa muhogo. Kahawa ikikosekana nilikaanga soya nikaisaga, naye akanywa bila kukunja uso. Lakini samaki hawakukosekana. Wanajeshi walikataza watu kuvua, ila Madamu alikuwa na karatasi ya ruhusa, ya mchana tu. Samaki wengine waliloweshwa katika dawa kali, hao hata nzi hakuwagusa. Wengine aliwapasua tumbo tu aone wamekula nini, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake yote, kujua samaki anakula nini. Akimaliza, ananipa nipike. Mzee Ramadhani alikuwa akicheka, "Sisi tunakula vitabu vya Madamu."

Unaweza kucheka na wewe. Lakini mjini watu wengi walikuwa wameacha samaki, mwanangu. Mito yetu inaingia ziwani, na kila mtu alijua mito ilibeba nini miaka ile. Mwaka huo samaki walinenepa. Sisemi zaidi.

Kwa hiyo kwenye robine ya maji, kule Kanyosha, wanawake waliniuliza kwa sauti ya chini, "Mama Goreti, muzungu wako anaonaka nini mu tumbo?" Nilikuwa mama wa watoto watatu, lakini akili bado ya kisichana. Mimi niliyeishia darasa la tatu, Madamu alinifundisha kupasua bila kuharibu, kushika kibanio na kusema: hii konokono, hii ndagala, yaani dagaa, hii mbegu. Nikajiona daktari. Niliwajibu, "Siri ya kazi," nikajitwisha ndoo yangu, shingo juu.

Sasa yule wa tano. Dezire, mtoto wa pekee wa Perpetua, kijana wa miaka ishirini na miwili, alikwenda Rumonge kutafuta mawese na hakurudi. Miezi minne. Mama yake alikataa kulia. Kila mchana, pale jikoni Kinindo, alimpakulia katika sahani ya bati, akaifunika, akaiweka kwenye dirisha linalotazama ziwa. "Ni ya Dezire," alisema, kama mtu anayesikia hatua njiani. Tukitaka kuondoka, alifunua akamwaga. Na nakuambia nililoliona kwa macho yangu: siku nyingine chakula kilikuwa kimepungua. Labda paka. Ila pale hatukuwa na paka.

Alhamisi hiyo Mzee Ramadhani alileta samaki aina ya sangala, mkubwa kama mtoto wa miaka miwili, na alimbeba hivyo hivyo, mikononi. Perpetua alikuwa nje anaanika. Nilipasua mwenyewe. Kulikuwa na ndagala walioanza kuyeyuka, na katikati yao kifungo cha shati, cheupe, matundu manne, uzi mweusi bado umo.

Nje ziwa lilikuwa limenyooka kama shuka iliyopigwa pasi, na hata ndege hakulia. Madamu alikichukua kwa kibanio, akakitia katika kikopo, akaandika karatasi. Nikamuuliza ameandika nini.

"Nimeandika: haijulikani. Kitu yoyote inaweza kuanguka mu maji, Mama Goreti."

Mzee Ramadhani aliitazama ile sahani ya dirishani. "Maneno hii itabaki hapa," akasema. "Umesikia, mama?"

"Nimesikia, mzee."

Nikampika yule sangala kwa nyanya na mawese. Tukala wote. Perpetua alipenda kichwa, nikampa kichwa, nikamtazama anavyonyonya mfupa mmoja mmoja na kuisifu chumvi yangu.

Siku tatu nilikaa na lile neno kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki. Nilijiambia ni huruma: mama wa watu anamwaga chakula kila siku, anangoja nini? Afadhali alie, amalize. Huruma ilikuwemo, sikatai. Lakini na yule daktari wangu alikuwemo, anataka kusema. Ulimi hauna mfupa, mwanangu, ndiyo maana unakwenda popote. Jumatatu, Madamu akiwa ziwani, nilifungua kikopo nikamwekea Perpetua kifungo kiganjani.

Alikigeuza. Akagusa uzi kwa ncha ya kidole.

"Uzi mweupe uliniishia," akasema polepole. "Nikashona na mweusi. Akanicheka, eti mama, watu watasema shati yangu iko mu kilio."

Hakulia. Aliuliza tu, "Imetoka wapi?"

"Mu samaki."

"Samaki gani?"

Nikakifunika kile kikopo.

"Ile ya Alhamisi?"

Nikatazama sakafu.

"Mi nilikula kichwa," akasema.

Tangu siku hiyo hakuweka sahani tena. Tulifanya kilio bila mwili. Majirani wa Kanyosha walikaa naye, alinyolewa nywele, nguo za Dezire zikagawiwa, na siku ya kuganduka, yaani siku ya kumaliza kilio, akanywa pombe ya ndizi pamoja na wengine, akatushukuru. Nikajisifu moyoni kwamba nimemsaidia.

Haikupita hata wiki tatu. Jua la utosi, tuko uani Kinindo, mimi nachambua maharage, yeye anaanika mashuka. Mtu akasimama langoni, mwembamba, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Mama."

Alikuwa Dezire. Mapigano yalimkuta njiani, akavushwa na wengine kwenda upande wa Kigoma, akaugua katika kambi ya wakimbizi miezi yote hiyo. Shati lake lilikuwa lile lile, sasa rangi ya udongo. Nilitazama kifuani pake kabla ya kumtazama usoni. Kifungo chenye uzi mweusi kilikuwa mahali pake.

Mimi nilipiga kelele. Mama yake hakugeuka mpaka alipomaliza kubana shuka. Kisha akamtazama miguuni, aone kama kivuli kipo.

"Kama ni we," akasema, "kula."

Nikakimbilia ugali na maharage. Kijana alikula huku machozi yanamtoka. Mama yake alichuchumaa mbele yake, akitazama koo likipanda na kushuka, kila tonge.

"Mama, ni mi. Hunijui?"

"Wafu pia wanakulaka," akamjibu kwa upole kabisa. "Nililisha mumoja miezi mine, pale ku dirisha." Akashika tumbo lake kwa mikono miwili, kama mwenye mimba. "Dezire yangu iko hapa. Nilimukula. We sijui ni mutoto wa nani, lakini karibu."

Nilimwonyesha Perpetua kile kifungo kilichokuwa bado kwenye shati la kijana. Nilimwapia kwa jina la Mungu. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mlevi anayemwelekeza njia.

Mzee Ramadhani aliniita kando, penye boti. Hakupaza sauti.

"Nilikuambia nini?"

"Nilitaka kumusaidia, mzee."

"Apana. Ulitaka kujua kuliko Madamu. Yeye amesoma mpaka nywele inatoka, akaandika haijulikani. We wa darasa la tatu ndiye ukajua." Iliniuma, na alitaka iniume. "Umemuzika mwenye uhai. Na yule mwenye kifungo, kwani hakuwa mutu? Mama yake iko pahali fulani, inangoja. Kilio chake umeshaitumia kwa mwingine."

Maneno hayo ya mwisho, mwanangu, ninayasikia hata leo nikipasua samaki. Uzi mweusi si wa nyumba moja.

Madamu alirudi kwao mwezi uliofuata. Perpetua aliishi miaka kumi na mmoja zaidi, na Dezire aliishi naye, akamlimia, akamtibia miguu. Perpetua hakumfukuza wala hakumtukana. Unajua desturi yetu: mwenye nyumba akimpa mgeni chakula, anaonja yeye kwanza, mgeni aone hakuna sumu. Mtoto wa ndani hafanyiwi hivyo, ungekuwa kama unamtukana. Perpetua alionja kila chakula cha Dezire. Akionja, anasogeza sahani, anasema, "Karibu, mugeni." Naye anakula. Siku zote hizo. Nami niko ng'ambo ya ukuta, nasikia.

Basi nasaha yangu ni hii. Habari uliyopata nusu usiipeleke kwa mwenye uchungu, kwa kuwa yeye ataimalizia mwenyewe, na ataimalizia vibaya. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe wa pembeni usijifanye mwenye kuupunguza. Ukiulizwa usilolijua, sema sijui, hata kama una elimu, hasa kama una elimu. Wazee wetu wanasema kilichokwisha kuvuka kilima kinamchosha anayekiita. Mimi neno langu nililiita lirudi miaka kumi na mmoja.

Mungu akuzibe mdomo pale mdomo wako unapotaka kuzika mtu. Akupe jirani wa kukusamehe, kama Dezire alivyonisamehe mimi. Akurudishe nyumbani ukitoka, na ukirudi uitwe kwa jina lako.

Na wewe unayesoma, kama ni mtu wa Kanyosha, nisahihishe. Pengine haikuwa Alhamisi. Pengine miezi ilikuwa mitano, majirani wanabishana. Lakini kuna moja naomba mnisahihishe kuliko yote: mimi nakumbuka Perpetua alikufa bila kumwita yule kijana Dezire. Wiki ile ya mwisho sikuwepo kila saa. Kama yuko aliyemsikia akimwita, hata mara moja, aje aniambie nilikosea.