Niliweka Tiki Kwamba Mzee Nimemwambia

Mie ndiye niliyekosea. Nalisema hili mapema, usije ukafika katikati ukaanza kumtafuta mwingine wa kumlaumu. Nimeshamtafuta sana. Hayupo.

Jina langu sitalitaja. Nina miaka thelathini na moja, kwetu ni Mbeya, baba yangu mwalimu mstaafu, mama yangu mzee wa kanisa. Nimelelewa vizuri tu. Kwa hiyo hata upande huo kisingizio sina.

Kazi yangu ilikuwa kelele. Watu hucheka nikiwaambia hivyo. Nilikuwa afisa mazingira kwenye mradi wa ghorofa huku Kinondoni, mtaa wa watu kabisa, nyumba zimegusana na ukuta wetu. Pale palikuwa na jengo la zamani, msingi wake wa zege nene ajabu, na wote ulitakiwa kuvunjwa kabla hatujaanza kujenga. Mashine zikiwashwa asubuhi, vyombo vya majirani vinacheza kabatini.

Mie nilipewa kipima kelele, kidude cha kushika mkononi kama rimoti, na rundo la fomu. Kila siku nizunguke kwenye kuta za majirani, nisome namba, niandike. Ikizidi kiwango, nimwambie Injinia wa mradi azime baadhi ya mashine. Tena nipite nyumba kwa nyumba kuwajulisha watu ratiba: saa hizi tutapiga kelele, saa hizi tutanyamaza. Basi. Kazi gani rahisi kama hiyo!

Wiki za mwanzo niliifanya. Halafu nikagundua kwamba saa ya chakula mashine zinazimwa, mtaa unatulia, na kipimo kinasoma namba nzuri. Nikaanza kupima saa hiyo na kuandika kwamba nimepima saa nne asubuhi. Hakuna aliyeniuliza. Injinia alikuwa anasaini bila hata kukaa kwenye kiti.

Mnaona ilivyoanza? Kidogo tu.

Kati ya majirani alikuwepo mzee mmoja, nitamwita Mzee Issa. Mtu wa Newala, alikuja Dar kijana, na alikuwa haoni tangu utotoni. Miaka yote alifanya kazi ya opareta wa simu kwenye ofisi ya serikali, wale waliokuwa wanapokea simu na kuziunganisha. Alikuwaga na namba za wakubwa wote kichwani, hana daftari, hana nini. Hata baada ya kustaafu watu wa mtaani walikuwa wanampa namba zao azitunze. Ukipoteza simu yako unakwenda kwake: "Mzee, namba ya shangazi yangu wa Tanga?" Anakutajia! Anacheka kwa raha, kama mtu aliyeshinda mchezo.

Alikuwa anaishi na binti yake Rukia, mwalimu wa shule ya msingi. Rukia akienda kazini, mzee anabaki peke yake. Lakini msikitini lazima aende. Ni ng'ambo ya barabara, kupita mbele ya geti letu, na fimbo yake.

Siku moja alikuja kwenye kontena letu la ofisi. Nikamwamkia, shikamoo, marahaba. Nikajua amekuja kugomba, maana wengine wote walikuwa wanakuja kugomba.

Hakugomba. Aliniuliza, "Binti, ukitaka kuvuka barabara unafanyaje?"

Nikasema, "Naangalia kulia na kushoto, mzee."

"Mie nasikiliza kulia na kushoto. Sasa mashine zenu zikiwaka, nakuwa sina kulia wala kushoto. Sisemi mzizime. Nyie mna kazi yenu. Niambie tu saa ngapi mnanyamaza, nipange safari yangu."

Nikamwambia: kuanzia saa sita na nusu hadi saa saba na nusu, watu wanakula, mashine zote zinazimwa. Akairudia mara moja. "Sita na nusu, saba na nusu. Mkibadilisha utaniambia?"

"Nitakuja mwenyewe, mzee."

Nilisema kwa mdomo wangu huu.

Basi ikawa hivyo karibu miezi miwili. Mashine zikizimwa, baada ya dakika chache namwona anatoka, anapita getini, anasema "Haya, jamani," kwa mlinzi, anavuka, anakwenda kuswali, anarudi. Mie nikiwa dirishani na kiporo changu cha wali. Nilishamzoea.

Halafu kazi ikachelewa. Asubuhi moja kwenye kikao, Injinia akasema kuanzia leo chakula ni nusu saa tu. Saa saba kamili mashine zinawashwa. Akanigeukia: "Dada, pita kwa majirani uwajulishe kabla ya mchana."

Nikasema sawa.

Sikilizeni. Injinia aliniambia. Muda nilikuwa nao. Nyumba ya Mzee Issa ni hatua labda arobaini kutoka kwenye kontena. Sikuwa naumwa, sikuwa na msiba, wala hakuna aliyenizuia.

Wiki ile wakaguzi walikuwa wanakuja, na fomu zangu zilikuwa na mapengo. Nikakaa chini ya feni kuyajaza. Nikafika kwenye fomu ya siku ile, kuna mstari unaouliza kama majirani wamejulishwa mabadiliko ya ratiba. Nikaona niuwekee tiki kabisa, nikimaliza nitakwenda. Nikaweka tiki kwenye kila nyumba. Na ya Mzee Issa.

Kisha nikawaza, nikienda kwake atanikalisha, atataka kunipa kahawa, ataniuliza habari za Mbeya. Nikasema nitakwenda baadaye kidogo.

Sita na nusu mashine zikazimwa. Nikamwona anatoka. Hata hapo ningeweza kumfuata! Nikasema moyoni, akirudi nitamwambia getini.

Saa saba kamili alikuwa katikati ya barabara, anarudi. Mashine zote zikawashwa kwa pamoja.

Mzee akasimama. Akanyanyua fimbo juu kidogo, kama mtu anayeomba kunyamaziwa. Akageuka upande mmoja, akageuka wa pili. Lori la kubeba kifusi lilikuwa linarudi nyuma kuingia getini, lile lenye mlio wa kuonya watu. Mlio ule mie mwenyewe sikuusikia. Kijana wa bendera anayeongoza magari alikuwa bado anakula, maana na yeye hakuzoea nusu saa.

Nilifungua dirisha nikapiga kelele. Nilipiga kelele kwa nguvu zangu zote, "Mzee Issa! Mzee Issa!" Sauti yangu sikuisikia hata mie. Fomu ilikuwa pale mezani, na namba zangu nzuri, zinasema kelele iko chini ya kiwango.

Hakufa. Lori lilimvunja nyonga, na mguu. Tukampeleka hospitali kwa gari la mradi.

Sasa, mngeniuliza siku ile, ningewaambia huo ndio mwisho wa kosa langu. Siyo. Hilo la barabarani lilikuwa uzembe. Lililofuata nililifanya nikiwa na akili zangu timamu.

Tuliitwa ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti, Injinia, mie, mlinzi, na Mwalimu Rukia na mtandio wake mweusi, macho yamevimba. Mwenyekiti akauliza, "Huyu mzee alijulishwa kwamba muda umebadilika?"

Injinia akafungua faili, akaweka fomu mezani. Tiki ile ikaonekana. Wote wakanitazama.

"Nilimwambia," nikasema. "Asubuhi ile ile, mlangoni kwake. Labda alisahau. Umri, mwenyekiti."

Umri! Neno lilitoka laini kabisa.

Rukia hakubisha. Alinitazama akaniambia, "Asante dada kwa kuhangaika naye." Kikao kikaisha hapo. Kampuni ikaandika kwamba yenyewe haina kosa. Tulipotoka nje Injinia akanipiga begani, "Karatasi zako zimetuokoa."

Nilitegemea niumie. Nilikaa kwenye bajaji nikisubiri maumivu yaje. Hayakuja. Nikafika nyumbani nikapika, nikala, nikafua.

Siku ya tatu Injinia akasema twende tukamwone mgonjwa, tukabeba machungwa na juisi. Tulipofika wodini, Rukia alikuwa amesimama pembeni ya kitanda na anafoka. Wagonjwa wengine wanasikia wote.

"Baba, uliambiwa! Dada wa watu alikuja mpaka mlangoni akakuambia! Kwa nini unanifanyia hivi? Kwa nini hutaki kukubali kwamba unasahau?"

Mzee alikuwa amelala chali, mguu umefungwa. Akasema taratibu, "Sikumbuki, mwanangu. Labda kweli aliniambia."

Halafu akatambua kuna watu wamekuja. Sijui alinijua kwa kitu gani, kwa hatua zangu au mafuta ninayopaka. Akageuza uso.

"Binti wa mradi? Nisamehe mama. Nimekuingiza kwenye matatizo na kazi yako."

Aliniomba msamaha. Yeye. Mie!

Nikamjibu, "Usijali mzee, utapona." Nikaweka machungwa kwenye kabati dogo la pembeni na kuyapanga vizuri yasidondoke. Nakumbuka niliyapanga kwa uangalifu sana.

Tangu siku hiyo kuna kitu kilizimika. Nilikuwaga mtu wa machozi ya karibu, hata tamthilia za jioni zilikuwa zinaniliza, mama ananicheka. Bibi yangu mzaa baba alifariki mwaka ule, bibi aliyenilea, nikasimama kaburini Mbeya nikiangalia udongo unavyoingia. Hakuna chozi. Shangazi zangu walisema Dar imeniharibu. Kanisani nasimama, naimba, nakaa. Kaka mmoja alikuwa ameshapeleka barua ya posa nyumbani. Baada ya miezi akaniambia kuongea na mie ni kama kuongea na mtu aliye chumba cha pili. Akaondoka. Nilimsindikiza hadi kituoni nikarudi kupiga pasi.

Msidhani nasimulia ili mnionee huruma. Nasema tu ilivyokuwa.

Karibu mwaka ukapita. Siku moja nikasimama kwenye duka la mtaa ule kununua maji, mwenye duka akanipa habari. Rukia alihamisha baba yake kwenda Mbagala kwa ndugu. Mzee sasa anatembelea magongo ndani tu, nje hatolewi. Alipelekwa kwa madaktari wa kumbukumbu. Na watu wakienda kumuuliza namba, anasema hazitunzi tena. "Anasema kichwa chake hakiaminiki," mwenye duka akaniambia. "Akili za mzee yule! Nani angedhani!"

Nikalipia maji. Nikasimama pale na chupa, mwenye duka ananiuliza kama nasubiri chenji.

Jumamosi nilikwenda Mbagala. Nawaambia ukweli, sikwenda kwa sababu moyo uliniuma. Nilikwenda kama mtu anavyokwenda kutoa takataka. Kazi ilikuwepo na haikuwa na mwingine wa kuifanya.

Mzee alikuwa kibarazani, amekonda. Nikamwamkia. Akanitambua, akafurahi, akamwita Rukia alete chai. Nikamwambia kabla chai haijaja.

"Mzee, siku ile sikuja kwako. Sikukuambia. Niliandika kwenye karatasi kwamba nimekuambia, halafu nikadanganya kwa mwenyekiti. Wewe hukusahau kitu."

Akasema, "Rudia."

Nikarudia.

"Rudia tena, Rukia asikie."

Rukia alikuwa ameshafika mlangoni na sinia. Nikarudia mara ya tatu, kwa maneno yale yale.

Mzee akasema, kwa sauti ya chini, "Mwaka mzima. Nikipoteza kijiko nasema ndiyo hiyo, hali ya kusahau inakuja. Nikichelewa kukumbuka jina la mtu nasema ndiyo hiyo. Mwaka mzima namuomba huyu mtoto msamaha kwa kitu ambacho sikukifanya." Hakuniambia amenisamehe. Sikumuuliza.

Rukia aliweka sinia chini. "Umemaliza?"

"Ndiyo."

"Basi nenda."

Nilipofika barabarani nikasikia Rukia ananiita. Alikuja mbio, peku. Nikajua atanipiga, nikasimama nimngoje. Hakunipiga.

"Nilimfokea mbele ya wodi nzima," akasema. "Baba yangu! Hajawahi kunidanganya maisha yake yote, nikamwamini mtu wa fomu nikamwacha yeye. Wewe umeshasema lako. Mie namwambia nini?"

Akageuka, akarudi kwa baba yake, peku vile vile.

Jumatatu nilikwenda kwa mwenyekiti, nikaandika maelezo mapya, na mengine nikayapeleka kwa kampuni pamoja na fomu zangu zote za uongo. Kazi niliachishwa siku hiyo hiyo. Shauri la mzee limefunguliwa upya, bado linaendelea. Sasa hivi namsaidia dada yangu dukani. Machozi bado hayajarudi.

Wewe unayesimamia kelele, moshi, maji machafu, chochote kinachoingia nyumbani kwa mtu, usimalize kazi kwenye karatasi. Simama, nenda, gonga mlango, mwambie mtu uso kwa uso, hata akikuchelewesha na kahawa yake. Na wewe ambaye ulishadanganya, na aliyebeba uongo wako bado yuko hai, nenda wiki hii. Usisubiri mpaka uwe tayari, usisubiri roho ikuume kwanza. Mie yangu haikuuma. Nilikwenda hivyo hivyo.