Mama Anayeijua Ohio

Kwa habari za dunia, hapa Johannesburg sina mpinzani. Lakini Ijumaa, kwenye duka la intaneti kule Mayfair, mama mmoja Mrundi, muuza mboga, alinifunga mdomo. Alikuwa akisoma habari za Ohio, jimbo la Marekani: mafuriko, mpira wa kikapu, hata nyimbo mpya, na kuziandika kiganjani.

“Mama, unahamia Ohio?” nikamtania.

“Eish, kaka! Mwanangu ana mwaka kule. Zamani nikimpigia namuuliza kama amekula, anajibu ‘ndiyo’, anakata simu. Sasa namwambia timu yenu imefungwa tena, tunabishana nusu saa!”

Jioni nilimuuliza binti yangu, ninayeishi naye fleti moja Berea, anashabikia timu gani. Akavua spika za masikioni, akasogea nikae.