Pikipiki Iliyopigwa Getini

Mimi ndiye niliyeipiga wa kwanza. Ilikuwa asubuhi ya mazishi ya kaka yangu. Pikipiki ilikuwa imeteremshwa kutoka kwenye pikapu na kuegemezwa nje ya geti letu kule Angurai, na baba mdogo akaniletea rungu. Katika ukoo wetu kitu kilichomuua mtu hakiingii bomani hivi hivi. Hupigwa kwanza, nje ya geti, mpaka kikome. Mti ulioangukia mtu hupigwa, ng'ombe aliyemchoma mtu pembe hupigwa, na anayeanza ni yule mwenye uchungu kuliko wote. Asipoanza yeye, hakuna mwingine anayeinua mkono. Wazazi walikuwa wametangulia, kaka hakuwa ameoa, na tumbo la mama lilizaa yeye na mimi tu. Kwa hiyo rungu lilikuwa langu.

"Piga, mama," baba mdogo akaniambia. "Iambie imefanya nini."

Sikuhitaji kubembelezwa. Tangu utotoni nina hasira za karibu; mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi. Nililipiga tangi mpaka likabonyea, nikapiga taa, nikapiga saa ya spidi, huku naitukana pikipiki matusi ambayo mchungaji alijifanya hayasikii. Kisha binamu zangu wakanifuata, na wajomba, na majirani, kila mtu na fimbo yake, mpaka kioo kikawa unga na kiti kikatoa sponji. Nyuma yetu jeneza lilikuwa limeshapigiliwa misumari. Tuliambiwa uso hautazamiki.

Aliyetuletea habari, na aliyeileta pikipiki, alikuwa rafiki mkubwa wa kaka, mwenyekiti wa steji moja ya bodaboda upande wa Malaba. Alisimama mbele ya baba mdogo, kofia mkononi, midomo imekauka.

"Mzee, ilimtupa kwa kona," akasema. "Ikalala chini, ikamburuta kwa lami mbali sana. Tulijaribu kumsaidia."

Waliokuwepo barabarani wote walisema ajali, ikaandikwa ajali, tukazika. Hakuna aliyeinama kuikagua ile pikipiki. Nani hukagua muuaji siku ya mazishi? Tuliipiga tu, tukaingia ndani kula.

Kaka alikuwa ameipata Malaba kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akizunguka Afrika. Injini ilimgomea pale mpakani, akahangaika nayo mpaka akachoka, akaiuza na kupanda basi. Ilikuwa pikipiki ya safari ndefu, kuukuu kuliko ndoa yangu, nzito kama fahali. Haikuwa na cheni. Gurudumu la nyuma lilizungushwa na shafti kama la lori. Silinda zake hazikusimama juu kama za bodaboda. Zilitokeza kando, moja kulia na nyingine kushoto, karibu na miguu ya dereva, nasi tulikuwa tukiziita masikio. Wakati fulani ilimwangukia kwenye kokoto za sokoni akienda polepole kabisa, na kifuniko cha sikio la kulia kikakwaruzika mpaka chuma kikatoa weupe. Alinuna siku nzima.

"Hii kitu ikianguka," aliniambia akilisugua lile kovu kwa kidole, "masikio ndio inafika chini kwanza."

Baada ya mazishi ilikaa nyuma ya kinu changu cha kusaga mahindi, kuku wakilala juu yake. Kila nilipopita niliipiga teke. Watu wa vyuma chakavu walikuja nikawafukuza, na sikujua kwa nini, maana niliichukia kwa moyo wote. Halafu siku moja nikamkuta jogoo ameharisha juu ya kiti alichokuwa akikalia kaka. Nilimchinja yule jogoo palepale, na jioni hiyo nikaifunua injini. Nadhani nilitaka kitu cha kupigana nacho, na kinu kilikuwa hakinitoshi.

Mashine si kitu kigeni kwangu. Injini ya dizeli ya kinu nimeifungua mara nyingi kuliko nilivyofungua Biblia. Lakini ile pikipiki ilinitia adabu. Mvua ilikuwa imeingia ndani, pistoni zimeshikana na silinda kama zimechomelewa. Nikazimwagia dizeli, nikangoja, nikaweka kipande cha mkaratusi juu yake na kukipiga kwa nyundo ya mpini mfupi. Nikamwaga tena, nikapiga tena. Bolti za ekzosi zilikatika nikilia kwa hasira. Spana iliteleza ikanichuna vifundo mpaka mfupa ukaonekana, nikaitupa kwenye mihogo ya jirani, nikaenda kuitafuta kwa magoti. Siku pistoni ya kwanza iliposogea upana wa ukucha, nilipiga kelele wateja wakaacha magunia yao wakaja kuangalia nani amekufa.

Tangi lilinichosha kuliko vyote. Nilipinda nondo, nikaiingiza kupitia mdomo wa tangi, nikawa nasukuma kila bonyeo kutoka ndani, huku nagonga pembeni taratibu. Bonyeo kubwa juu kabisa lilikuwa langu mwenyewe, nilikumbuka kabisa lilivyoingia. Kulitoa kulichukua nguvu nyingi kuliko kulitia.

Rafiki wa kaka alikuwa akija. Hakuwa ameitwa. Akivuka kwenda Uganda alirudi na gasketi, au ringi za pistoni, au waya wa klachi, amevifunga kwenye gazeti. Aliviweka juu ya meza na kusimama mbali kidogo. Chai nikimpa aliinywa nje. Hakuwahi kukaa juu ya pikipiki wala kugusa tangi, na mimi nilidhani ni heshima. Nilimpenda kwa hilo. Nilisema moyoni, angalau kaka aliacha mtu mmoja anayemkumbuka.

Nilibakiza vifuniko vya masikio mpaka mwisho, maana ni kazi ya urembo tu: kuosha, kusugua, kupaka rangi nyeusi. Ilikuwa asubuhi ya siku ya soko. Niliosha cha kushoto kwa petroli, nikakigeuza, nikapitisha kiganja upande wa chini.

Kilikuwa laini kama sahani.

Nikachukua cha kulia. Kwa juu kulikuwa na alama za marungu yetu. Kwa chini kulikuwa na lile kovu la zamani la kokoto za sokoni, na zaidi ya hapo hakuna mkwaruzo hata mmoja. Nikainama nikaangalia pedali za miguu; mpira ulikuwa mzima. Nikaangalia ncha za usukani, nzima. Sisi tulikuwa tumepiga kwa juu, kama watu wanavyopiga nyoka, na hakuna aliyepiga chini. Lami ingepiga chini. Pikipiki iliyolala na kumburuta mtu barabarani ingefika nyumbani masikio yamelika. Hii haikuwa imelala popote. Mtu alikuwa ameisimamisha vizuri kwenye stendi yake.

Nilikaa chini. Nikavirudisha vifuniko bila kuvipaka rangi, nikakaza nati moja moja, nikaipiga kiki pikipiki. Ilikohoa, ikatema moshi, ikashika. Mungu anisamehe, hata sikufurahi.

Rafiki alifika mchana. Mbele, kinu kilikuwa kikinguruma na watu wamepanga madebe yao. Nyuma, chini ya mabati, tulikuwa sisi wawili na ile injini. Alipoisikia, machozi yalimlengalenga.

"Yoga, dada!" akanisalimu kwa Kiteso. "Umeweza! Sauti ni ile ile."

"Njoo uone kitu," nikamwambia. "Pitisha mkono hapa chini ya sikio."

Hakupitisha. Aliangalia tu, na uso wake ukabadilika.

"Lami iko wapi?" nikamuuliza.

"Dada, wachana na hiyo maneno."

"Nimekuuliza, lami iko wapi?"

Akakaa juu ya tairi kuukuu, akaanza kuongea akiangalia viatu vyake. Siku hiyo waendesha bodaboda wa steji nyingi walikuwa wakitoka kumzika mwenzao, aliyeuawa na pikipiki yake kuibiwa. Walikuwa msafara mrefu, honi juu, matawi mkononi, wengine wamelewa. Giza lilikuwa linaingia. Karibu na Busia, mahali ambapo kaka hakujulikana, pikipiki kubwa yenye namba za nje ikakutana na wale wa mbele. Mtu mmoja akapiga kelele mwizi. Kaka akasimama. Akaiweka pikipiki kwenye stendi, avue helmeti aongee nao kama watu. Hawakumpa nafasi ya kuivua.

"Mimi nilikuwa nyuma kabisa ya msafara," akasema. "Nilikuta watu wamejaa, yeye ako chini. Pikipiki hata sikuiona. Wote wanasema mwizi, mwizi. Na mimi nikaokota jiwe. Aki dada, moja tu. Helmeti ilikuwa imefunika. Nilimjua kwa viatu, na hapo alikuwa amenyamaza."

Nyundo ilikuwa juu ya meza. Sikumbuki kuichukua.

"Mkono gani?" nikamuuliza.

Hakuuliza mkono wa nini. Akauinua wa kulia, akaulaza mwenyewe juu ya tairi, akageuza uso. Nilimpiga kati ya kiwiko na kiganja, kwa nguvu ile ile niliyotolea pistoni, na nikausikia mfupa. Akalia sauti moja ndefu iliyoshinda injini zote mbili. Niliinua nyundo tena. Nataka kusema ukweli: mara ya pili nilikuwa nalenga kichwa.

Lakini watu walikuwa wameshafika. Kile kilio kiliwatoa kwenye foleni, wakaja mbio wakizunguka ukuta, unga usoni.

"Ni mwizi?" mwanamume mmoja akauliza. "Ni mwizi, mama?"

Na kabla sijajibu, alikuwa ameshaokota jiwe. Aliliokota bila kuangalia, macho yake yakiwa kwangu, kama mtu anayeokota kofia yake. Mwingine alikuwa na mpini wa jembe. Mwanamke ninayemsagia mahindi kila wiki, mtu mpole, anayeimba kwaya, alikuwa ameshika kuni. Rafiki wa kaka alikuwa chini, ameukumbatia mkono wake, na hakuna aliyemwangalia usoni. Walikuwa wananiangalia mimi. Walikuwa wanangoja neno moja, nami nilikuwa nalo mdomoni, tamu kabisa.

Hapo ndipo nilipomwona kaka anavyokufa. Sikuwa nimemwona siku ya mazishi.

Sikumsamehe yule mtu. Namchukia mpaka leo ninapoandika haya, na nikimkuta Malaba navuka barabara. Lakini nilishusha nyundo.

"Pikipiki imemwangukia," nikasema.

Kisha baba mdogo, aliyekuwa amefika kutoka nyumbani akihema, rungu mkononi, akapaza sauti.

"Si nilisema! Hii kitu haijashiba! Imekula mtoto wetu, sasa imekula rafiki yake!"

Wote wakaigeukia. Ilikuwa bado inaunguruma kwenye stendi yake, tangi limenyooka, taa mpya imewaka. Yule mwenye jiwe alilikaza mkononi. Hasira yao haikuwa imekwenda popote, ilikuwa imegeuka tu kama maji yaliyozibwa upande mmoja. Lakini hakuna aliyepiga. Baba mdogo alikuja akaniwekea rungu kiganjani.

"Anza, mama. Iko kwako. Wewe ndiye mwenye uchungu."

Niliiangalia. Nilijua kila nati yake. Nilijua ningesema hapana wangeuliza kwa nini, na wangemwangalia vizuri yule aliyelala pale, na mkono wake uliovunjikia kwenye tairi, mbali na pikipiki, na nyundo yangu. Nikainua rungu nikalipiga tangi palepale juu, kwenye bonyeo langu la kwanza. Likaingia kirahisi kuliko mara ya kwanza, bati likiwa limeshachoka. Nikapiga taa. Nikapiga sikio la kulia, nikapiga la kushoto, kisha nikasogea pembeni wao wakaingia.

Walipiga kama waliokuwa wamenyimwa. Mawe, mipini, kuni, mateke. Injini iliendelea kuunguruma muda mrefu kuliko nilivyotegemea, ikikohoa kila pigo, mpaka mtu akavunja kabureta ikanyamaza na petroli ikamwagika kwenye vumbi. Nilikuwa nimepiga magoti kando ya rafiki wa kaka. Kila pigo lilimstua mwili mzima. Machozi na makamasi yalikuwa yamechanganyika na unga usoni mwake.

"Waambie, dada," akaninong'oneza. "Waambie. Wanipige mimi." Kisha akavuta pumzi aseme kwa sauti.

Nikamziba mdomo kwa kiganja changu chenye grisi, nikamkandamiza kichwa chini, nikamshikilia hivyo mpaka walipochoka.