Mlango wa Mama na Betri za Rimoti

Kaka yangu ni fundi wa redio na simu. Mtaa mzima unamwita Mhandisi, ingawa shule aliiachia njiani. Hana makuu, ila kwenye mitambo yake haambiliki. Nasema hivi bila hasira. Siku hizi hata hasira siisikii.

Mama aliishi peke yake, mwendo wa nusu saa kutoka kibandani kwa kaka. Simu hakuitaka. Mlangoni kwake palikuwa na kitaa kidogo cha betri mbili za rimoti, ambacho kaka alikitengeneza kiwake mlango ukifunguliwa. Mama alipoteleza bafuni, kaka alikirudisha mezani, akakilehemea chipu ya wifi isiyozidi ukucha wa kidole gumba. Chipu ile ilikula betri, kwa hiyo akaipanga ilale siku nzima, iamke tu mlango ukifunguka, imtumie ujumbe kupitia wifi ya jirani, kisha ilale tena. Mama alifungua mlango kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu. Simu ikilia, kaka anajua mama kaamka salama.

Mwanzoni kilimtoa jasho. Mlango ulikuwa wa chuma, na chuma kiliziba mawimbi. Mara tatu simu ilinyamaza, mara tatu kaka akatoka mbio, akamkuta mama anakunywa chai.

"Baba, umekuja kuniangalia mimi au mtambo wako?" mama alimuuliza.

Akakihamishia kwenye fremu ya mbao. Kikatulia miezi miwili, kisha kikanyamaza tena. Safari hiyo zilikuwa betri, na mama alicheka mpaka mbavu zikamuuma.

Basi mara ya tano kaka hakukimbia. Alimaliza simu ya mteja, akafungua nyingine, akanipigia.

"Kidude cha mama kimekula betri tena. Kilafi kama wewe."

Nilicheka. Saa saba mchana akafunga kibanda, akaenda na betri mpya mfukoni.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Majirani walimsaidia kuuvunja. Mama alikuwa sakafuni, kando ya kitanda. Kaka alimfunika shuka, halafu akachomoa zile betri fremuni, akazipima kwa mita mbele ya watu wote. Zilikuwa nzima. Akazirudisha. Nilipofika nilimkuta amesimama palepale, macho makavu. Mimi pia sikulia. Nilikuwa kama mdomo uliopigwa ganzi na daktari wa meno: unajua upo, lakini huusikii.

Hospitalini daktari alinieleza mimi, kwa kuwa kaka alikuwa nje anajaza fomu. Mama alianguka alfajiri, akakata roho kati ya saa nne na saa tano. Nilimwomba arudie, akarudia.

Wiki tatu baada ya mazishi nilipita kibandani. Kaka alikuwa analehemu, hakuinua kichwa.

"Dada, daktari alisema saa ngapi?"

"Alfajiri. Alipoanguka tu, basi. Hakuteseka."

"Kabla ya saa kumi na mbili na nusu?"

"Kabla."

"Kwa hiyo hata ningekimbia..."

"Hata ungekimbia."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na kazi. Mke wake anasema tangu siku ile anakula na analala vizuri. Mimi nimeacha kupita kibandani kwake.