Bisibisi Ilipoteleza

Nilitaka tu kutoa vumbi. Feni ya kompyuta ilikuwa imeanza kukoroma, na hapa Lodwar mchanga hauombi ruhusa kuingia nyumbani. Basi Jumamosi moja asubuhi niliigeuza juu ya meza, nikaondoa kifuniko cha chini, nikaanza kufungua skrubu za feni. Ya mwisho iligoma. Nikaikandamiza bisibisi kwa nguvu, ikateleza, ikachora mstari juu ya ubao mama, ule ubao wa kijani unaobeba kila kitu. Nilipobonyeza kitufe, haikuwaka hata taa.

Kompyuta ile niliachiwa na rafiki yangu, mwanamke wa Sudan Kusini niliyefundisha naye kompyuta kambini Kakuma kwa miaka minne. Siku alipoondoka kwenda kuishi ng'ambo, aliniwekea mapajani, akasema, "Usisahau masomo yako." Humo mlikuwa na sauti zetu. Baada ya darasa alikuwa akinifundisha Kiarabu cha Juba na kunirekodi, mimi nikikosea, yeye akicheka hadi anakohoa.

Mwanzoni tulipigiana simu kila wiki. Baadaye mara mojamoja. Kisha namba yake ikawa haipatikani. Mimi nilikuwa nimeshahamia Lodwar kwa kazi ya ofisi, na nikizidiwa na upweke nilifungua sauti moja, moja tu, nisije nikazizoea. Sikuwahi kuzinakili mahali pengine. Ni uzembe, wala sina la kujitetea.

Fundi wa mjini aliutazama mkwaruzo akatikisa kichwa. "Madam, hii ni ya kutupa."

"Na vilivyo ndani?"

"Memori yake imechomelewa kwenye ubao huohuo. Ubao ukifa, na vyenyewe vimekufa."

Nilibeba ile kompyuta hadi nyumbani, nikaiweka kitandani kama mgonjwa. Sikuweza kula. Nilijaribu kuikumbuka sauti yake bila msaada, nikaona naipata nusu tu: kicheko kilikuja, maneno hayakuja. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kakuma. Sokoni kambini yuko fundi Mkongomani ambaye tulikuwa tukimpelekea kompyuta za darasa. Alivaa lenzi yake jichoni, akainama, akaufuata mkwaruzo kwa ncha ya kucha.

"Mama, weye ulitumia nini hapa? Panga?"

"Bisibisi."

"Njia tatu za umeme zimekatika. Lakini ni za juu, haukufika chini. Kaa."

Nilikaa kwenye benchi la mama muuza chai wa jirani. Fundi alikwangua rangi ya kijani taratibu mpaka shaba ikaonekana, kisha akachukua waya mwembamba kama unywele, akaulehemu upande mmoja, akapuliza, akaulehemu wa pili. Mimi nilimaliza chai, nikaagiza nyingine.

Adhuhuri ilipita. Alipobonyeza kitufe, taa iliwaka, ikazimika. Akaguna, akarudia waya mmoja. Mara ya pili haikuzimika.

Sikungoja nifike nyumbani. Nilifungua sauti ya kwanza niliyoiona, na rafiki yangu akaita katikati ya soko: "Ita kweis?" Yaani, u mzima? Ikafuata sauti yangu ya zamani, ikijikwaa. Naye akacheka.

Mama wa chai aligeuka na birika mkononi. "Ana kweis!" aliijibu kompyuta, yaani, mimi mzima, kisha akanitazama. "Huyu ni mtu wa kwetu. Na huyu anayeharibu maneno ni nani?"

"Ni mimi."

Alicheka, kisha akaona uso wangu, akaacha. "Yuko wapi?"

"Alienda mbali. Simu yake haiingii tena."

Alinijazia kikombe. "Wangu ni dada," alisema. "Tuliachana njiani wakati wa vita. Hata sauti sina."

Nilimpisha kwenye benchi, akaketi, akaniambia niicheze tena tangu mwanzo. Fundi alikuwa akizinakili sauti zote kwenye flashi mbili, moja yangu, na nyingine nilimwomba anitunzie dukani kwake. Sisi wawili tukasikiliza. Kila mara rafiki yangu alipouliza, mama yule alijibu polepole, kwa Kiarabu chao, kama mtu anayezungumza na jamaa aliye chumba cha pili.

Namba ile bado haipatikani. Huwa naijaribu Jumapili, baada ya kanisa.