Dada wa gari jekundu anamtaka mume wangu, na mimi ndiye niliyepewa ujumbe

Admin, jina langu nifichie, ingawa wa Tunduma walioliona hilo gari watanijua tu.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, nina watoto wawili, nauza mchele sokoni. Mume wangu ni fundi magari, gereji yake iko njia ya Mpemba. Kazi yake ni malori ya mizigo yanayosubiri kuvuka mpaka. Ni mtu mpole, halewi, kanisani anaimba besi. Ila nyumbani haongei. Ukimuuliza kazi imeendaje, anajibu "vizuri", basi. Nilishazoea, nikasema ndivyo alivyoumbwa.

Sasa akaja dada mmoja kutoka Nakonde, upande wa Zambia, gari lake limevutwa kwa kamba. Gari la spoti jekundu, milango miwili, limekaa chini utadhani linataka kulala. Injini ilikuwa imekufa kabisa, akaagiza nyingine kutoka Dar ikaja na lori. Mafundi wengine waliogopa kuigusa. Mume wangu akasema, "Nitaiweka."

Kwa kuwa huyo dada ni Mnamwanga kama mimi, kabila letu liko pande zote mbili za mpaka, akaniita dada, na mume wangu akawa shemeji yake. Mnaujua utani wa mashemeji. Mimi niliujua, lakini sikujua unauma hivi.

Hapa kwetu mwenye gari hukaa gereji kutwa akilinda, maana kuna mafundi ukiwapa kisogo wanachomoa kizima wanakuwekea kibovu. Mume wangu hana tabia hiyo, Tunduma nzima inajua. Lakini dada akawa anavuka kila asubuhi, amejipulizia manukato, anageuza ndoo ya oili anakalia. Nikamwambia kwa upole, "Dada, kaendelee na biashara zako, gari lako liko salama." Akacheka. "Najua liko salama. Napenda tu kumwangalia shemeji akifanya kazi."

Siku hiyo mchele niliupima vibaya mpaka wateja wakanisema.

Kesho yake nikafunga biashara, nikabeba hotpoti la ugali na maharage, nikaenda na mimi kulinda. Namlinda mlinzi! Wenzangu wa sokoni wacheke tu. Nilichokikuta ndicho kilichonimaliza. Hawakushikana, hawakukaa karibu. Mume wangu alikuwa anaongea. Kichwa kiko ndani ya boneti, mdomo haufungi. Dada anauliza, "Na haka kadude ka nini, shemeji?" Anamjibu, "Hako kanasukuma hewa kwenye injini, ndiyo maana ukikanyaga mafuta gari linaruka." Anamwonyesha nyaya moja moja, anaeleza injini ya zamani ilikufa kwa nini, anacheka. Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kuelezwa hata jinsi betri inavyochajiwa. Niliwahi kuuliza, nikaambiwa, "Hutaelewa."

Wivu mnaoujua nyie ni wa kukuta meseji. Mimi nilionea wivu maneno.

Injini ilipoingia, mara ya kwanza ilikataa kuwaka, nikafurahi, Mungu anisamehe. Mume wangu akarudia nyaya, akajaribu tena, ikaunguruma mpaka madereva wa malori wakaja kuangalia. Mume wangu akapiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama pale na hotpoti langu, hakuniona.

Dada akanivuta pembeni. Nikajua sasa naombwa radhi. Badala yake akasema, "Dada yangu, mumeo anachezea bahati. Nafungua gereji Kitwe, kule ndani Zambia, ya magari kama haya tu. Nimempa aisimamie, pamoja na nyumba ya kukaa. Amekataa. Anasema mama yako anaumwa na wewe ndiye unayemuuguza, hawezi kukung'oa hapa. Nikamwambia basi aje peke yake, awe anarudi kila mwisho wa mwezi. Amekataa pia." Akanishika mkono. "Ukimwambia wewe, atakubali. Nikileta gari kubadilisha oili ya kwanza, nipe jibu."

Mwanamke mwingine angepiga vigelegele. Mume amenichagua mimi! Mimi roho ndiyo ilizidi kuuma, kwa sababu jambo zito kama hilo la nyumba yangu nimeambiwa na huyo dada. Mume wangu hajanieleza mpaka leo. Jioni ile alikula, akasema mboga ina chumvi.

Sasa amerudi kwenye malori, breki na matairi. Akirudi nyumbani anatazama video za injini kwenye simu, sauti ameiweka chini. Nikisogea anaigeuza. Juzi nikamuuliza, "Baba Anna, una jambo la kuniambia?" Akasema, "Hapana." Nikamuuliza tena, "Hata dogo?" Akasema, "Kalale, umechoka."

Mama yangu siwezi kumwacha, hanyanyuki kitandani bila mimi. Kwa hiyo akienda ataenda peke yake, kwa yule dada, kwenye kazi inayomfanya aongee. Nikinyamaza anabaki, na hatajua kamwe kwamba nilijua. Nikisema, watu wataniita mke mwema, na mimi nitakuwa nimemfungia mizigo mwenyewe.

Jumamosi gari linarudi kwa ajili ya oili. Ndugu zangu, nifungue mdomo au niufunge? Wenye ushauri nipeni sasa hivi. Wanaotaka kunitukana wasubiri Jumapili.