Unga Uliosagwa Mara Mbili

Pale kwenye mashine ya kusaga walimwita Chekeche, na jina hilo hakupewa kwa dhihaka. Ukimletea unga uliosagwa kwingine, ukalalamika kwamba umepunjwa, anauchota kidogo, anausugua kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha anakwambia kwamba haya ni mahindi ya mwaka jana, yamechanganywa na pumba, na aliyekusagia wavu wake umetoboka. Miaka kumi na minne alisimama mbele ya mashine ile, nyusi nyeupe, kope nyeupe, na kitambaa cha kichwa cheupe ilhali alikinunua chekundu. Mashine ikishawaka hakuna amsikiaye mwenzake, kwa hiyo alijifunza kusoma midomo. Mteja anasimama mlangoni, anasema "laini" au "chenga", naye anaitikia kwa kichwa. Wako waliomsengenya palepale mbele yake wakidhani kelele zinawaficha, naye akawa anacheka peke yake.

Tumbo lake sasa, hilo lilikuwa na makuu. Tangu utotoni lilichagua. Maharage yalilijaza upepo mpaka sketi ikakataa kufunga. Maziwa yalimkimbiza chooni kabla kikombe hakijakauka. Kabichi, karanga, nyama yenye mafuta, vyote vilikuwa ugomvi. Dada yake alizoea kusema kwamba huyu alikosea nyumba ya kuzaliwa, alitakiwa azaliwe kwenye nyumba yenye mpishi wake mwenyewe. Vilivyomkalia vizuri ni wali mweupe, viazi vya kuchemsha, uji na mkate mkavu. Aliishi navyo hivyohivyo bila kumsumbua mtu, mpaka alipopata mimba akiwa na miaka thelathini na saba.

Ilikuwa mimba ya tatu. Mbili za kwanza ziliharibika mapema, na baada ya ile ya pili mume wake, fundi kufuli mwenye kibanda karibu na stendi, alikuwa ameacha kabisa kuzungumzia watoto. Hii ilifika mwezi wa sita. Chekeche aliibeba roho mkononi. Alikuwa hainui gunia, hapandi ngazi mbili kwa pamoja, na usiku analalia ubavu alioambiwa. Ndipo kliniki wakampima, wakamwambia ana sukari ya mimba.

Nesi wa kliniki alikuwa mama wa miwani mwenye maneno machache na yote makali. Akamkabidhi kipimo kidogo cha kuchomea kidole, kadi ya kuandikia namba, na karatasi ya chakula.

"Wanga upunguze sana," alisema. "Wali, viazi, mkate, uji, viweke pembeni. Kula maharage, maziwa, kabichi, karanga. Namba baada ya chakula isizidi saba. Ikizidi, mtoto ananenepa kupita njia yake."

Chekeche aliisoma karatasi ile ungedhani imeandikwa na adui wa tumbo lake. Kila lililokatazwa ndilo alilokuwa akila, na kila lililoruhusiwa lilikuwa linamlaza kitandani.

"Lakini nesi, hivi vyote vinaniharisha."

"Basi tafuta visivyokuharisha. Haya, aingie mwingine."

Akatafuta. Wiki mbili alijaribu kila kitu, akitapika hiki na kukimbizwa na kile, mpaka vikabaki vitu vinne tu: yai la kuchemsha, tango lililomenywa, samaki mdogo wa mvuke, na supu ya kuku iliyoenguliwa mafuta. Hivyo tumbo lilivikubali na karatasi ilivikubali. Kwa wiki moja namba zikakaa kwenye sita, na nesi akasema, "Haya," neno ambalo kwake lilikuwa sifa kubwa.

Mama mkwe akaja wiki iliyofuata kumsaidia. Na tuseme ukweli, alisaidia. Mwanamke yule hakuwa na dogo. Aliamka alfajiri, akafua, akafagia, akamkataza mkwewe kushika ndoo. Supu aliipika yeye, mchana na jioni, na alikaa mbele ya Chekeche akimtazama mpaka bakuli liishe.

"Kunywa, mwanangu. Ikiwa ya moto ndiyo inafika kwa mtoto."

"Leo ni nzito, mama."

"Mifupa hiyo. Nimeichemsha tangu asubuhi mpaka imetoa roho yake."

Tangu mimba iingie, mdomo wa Chekeche ulikuwa na ladha ya chuma, kila kitu kilikuwa kama kinanyonywa kwenye msumari. Akanywa. Supu ilimkalia vizuri kuliko zamani, tumbo likatulia, na alimshukuru mama mkwe kwa dhati. Hata mwanzoni kabisa, siku mama alipomletea kwenye mashine mfuko wa chenga za mchele, alimtanguliza mbele ya foleni nzima.

"Nisagie laini sana, mwanangu, nijipikie uji. Meno yangu unayajua."

Akaweka wavu wa matundu madogo kabisa, akazisaga, akaukusanya unga, akausaga tena. Ukatoka unga ambao hata hewa inaubeba. Alijivunia kazi ile.

Namba zikaanza kupanda. Nane. Tisa na nusu. Siku moja kumi na moja. Chekeche aliosha mikono upya akajichoma kidole kingine, ikawa ileile. Akaacha tango, akidhani ndilo. Akaacha yai, akaacha na samaki. Akabaki na supu, kwa sababu supu ndiyo peke yake aliyokuwa na uhakika nayo, na akaomba aongezewe bakuli. Namba zikapanda zaidi, maskini, na kwa njaa akawa anasaga huku ameegemea magunia.

Nesi alivua miwani alipoiona kadi.

"Unakula nini kwa siri?"

"Sili kitu, nesi. Nakunywa supu."

"Supu haifanyi hivi. Na mtoto anazidi kukua. Kazi yako ni wapi?"

"Kwenye mashine ya kusaga."

"Ahaa," alisema nesi, akachukua kalamu, na juu ya kadi akaandika kwa herufi kubwa: HAFUATI MASHARTI. Akamwandikia sindano za kushusha sukari.

Mume wake aliisoma kadi ile jioni mezani, polepole, kama mtu anayesoma hati ya mashtaka. Hakupiga kelele, hakuwa mtu wa kelele. Kesho yake alirudi na kufuli kutoka kibandani kwake, akafunga kabati la chakula, na ufunguo akampa mama yake.

"Si kwamba nakuadhibu," alisema. "Nakusaidia. Wawili wameshaondoka, mke wangu. Huyu wa tatu huwezi kumwonea huruma hata kwa miezi miwili iliyobaki?"

Baadaye Chekeche alisikia kwa fundi wa mota, mwenzake wa kazini, kwamba mumewe alipita pale kwenye mashine kuuliza kama mkewe huwa analamba unga. Fundi wa mota alimsimulia kama kichekesho. Yeye alikwenda nyuma ya magunia akalia, na machozi yakamfanyia tope usoni.

Ubaya wa kushutumiwa kila siku ni kwamba unaanza kujikagua. Alijitilia shaka hata mate yake. Pengine vumbi la unga lilikuwa likimwingia puani. Akajifunga kitambaa mdomoni, joto likambana, akaanguka mara moja na kuzinduliwa kwa maji.

Umeme ulikatika saa nne asubuhi moja, mwezi wa nane wa mimba, tajiri wa mashine akawaruhusu waende. Nyumbani mama mkwe alikuwa ametoka sokoni. Juu ya jiko baridi kulikuwa na sufuria ya supu iliyobaki jana, ikisubiri kupashwa moto. Chekeche alifunua. Mara zote aliinywa ikiwa inafuka mvuke, hakuwahi kuiona imepoa. Sasa ilikuwa imeganda, ina ngozi juu.

Mchuzi wa mifupa ukiganda, ukiushika unayeyuka. Huu haukuyeyuka. Aliuchota kwa ncha za vidole akausugua, mara moja, mara mbili, na vidole vikamjibu kabla hajauliza. Mchele. Chenga. Wavu mdogo, mara mbili. Aliutambua kama mtu anavyoutambua mwandiko wake mwenyewe.

Mama mkwe alimkuta amekaa chini jikoni, sufuria mapajani.

"Mama, unaweka vijiko vingapi?"

Yule mama akashusha kikapu. Hakujaribu kukana, angalau saa hiyo.

"Vinne. Ukiwa umechoka, vitano."

"Karatasi nilikusomea."

"Ulinisomea. Lakini mwanangu, maji ya kuku ndiyo yanalea mimba? Umekonda mikono, umekonda shingo. Mimi wa kwanza wangu nilimbeba mwaka wa njaa. Alizaliwa anaingia kwenye viganja hivi viwili. Siku nne tu. Sikuweza kukaa nikutazame unakunywa maji."

Akalia. Chekeche alimhurumia, na akajikasirikia kwa kumhurumia, maana huruma ilikuwa inamnyang'anya hasira ambayo ilikuwa haki yake.

"Sikudai kitu, mama," alisema. "Mwambie mwanao tu. Mwambie kwamba sikuwa naiba chakula."

"Nitamwambia, mwanangu. Leo hii nitamwambia."

Jioni ile supu ilikuwa nyepesi, unaona mpaka chini ya bakuli. Baada ya saa mbili namba ikasoma sita na pointi mbili. Kesho yake, sita kamili. Mume alikishika kipimo, akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

"Umeona? Ukiacha tamaa inawezekana."

Chekeche akamgeukia mama mkwe. Mama alikuwa anasugua sahani iliyokwisha kutakata. Akaisugua, akaigeuza, akaisugua upande wa pili.

"Mama alikuwa anatia unga kwenye supu," Chekeche alisema. "Muulize."

"Mama?"

"Mimi mambo ya unga siyajui," alisema mama mkwe kwa sauti ndogo. "Mimi napika tu."

"Usimsingizie mama yangu," alisema fundi kufuli, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda. Kliniki nako nesi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kila mgonjwa ana mama mkwe, na maneno juu ya kadi yakabaki pale yalipo.

Mtoto alizaliwa wiki tatu baadaye, kilo nne na gramu mia saba. Kichwa kilitoka, bega likakwama. Walimvuta, hapakuwa na namna nyingine. Alilia, akapumua, akawekewa dripu ya sukari kwa siku mbili, akapona. Mkono wa kulia tu ndio haukuamka. Ulilala ubavuni mwake, kiganja kimegeukia nyuma. Daktari alisoma kadi kwa sauti mbele ya wanafunzi wake, akasema, "Mama hakufuata masharti, na haya ndiyo matokeo," wanafunzi wakaandika. Mume wake alikuwa amesimama hapo. Mama mkwe pia, na chupa ya supu mkononi. Majirani waliokuja kuona mtoto walisifu unene wake, na mama mkwe akaitikia kwamba ni kweli, alilelewa tangu tumboni.

Kwa miezi mingi mume hakumtukana Chekeche hata mara moja. Alimfanyia mtoto mazoezi ya mkono asubuhi na jioni kama walivyofundishwa, taratibu, bila kumtazama mkewe. Ingekuwa afadhali angetukana.

Mtoto alipofikisha miezi sita, Chekeche alikuwa amesharudi kazini. Asubuhi moja yenye foleni ndefu, mama mkwe aliingia na mtoto mgongoni na mfuko mdogo mkononi. Watu wakampisha kwa heshima.

"Chenga," alisema. "Za uji wa mjukuu. Laini kabisa, mwanangu."

Chekeche aliupokea mfuko. Akabadilisha wavu. Akawasha mashine, kelele zikajaa chumba, vumbi likapanda. Alipoinua macho, mama mkwe alikuwa bado amesimama pale mbele, hakwenda kukaa kwenye benchi. Alikuwa anamtazama moja kwa moja, na midomo yake ilikuwa inacheza. Hakuna aliyeweza kumsikia, hata aliyesimama bega kwa bega naye. Lakini Chekeche alisoma neno kwa neno: Ni mimi. Mkono wa mtoto ni mimi. Nisamehe, mwanangu, sikuweza kumwambia.

Chekeche akanyoosha mkono akazima mashine. Mkanda ukazunguka, ukazunguka, ukasimama, na chumba kikawa kimya kiasi cha kusikia mtoto akipumua. Foleni nzima ikageuka. Mlangoni alikuwepo jirani wa mlango wa pili, na nyuma yake fundi wa mota.

"Rudia, mama," alisema Chekeche. "Hapa wote wanasikia. Rudia ulilosema."

Mama mkwe aliwatazama wale watu mmoja mmoja. Akauvuta mkono wa mjukuu uliokuwa unaning'inia nje ya kanga, akaurudisha ndani, akaufunika vizuri.

"Nimesema usage laini, mwanangu," alisema. "Washa, watu wanangoja."